Kipini cha Pili Katika Ulimi wa Raihana

Baiskeli iliyombeba Raihana ilikuwa imekwisha kata kona ya msikiti, na mimi bado nimesimama mlangoni mwa karakana yangu, avenyu ya kumi na tatu, Buyenzi, mjini Bujumbura, karatasi mkononi.

Hakuniaga kwa mdomo. Asingeweza. Alikuwa amejifunga kitenge mpaka puani, na nyuma ya kitenge kile kulikuwa na ulimi wenye jeraha nililolitia mimi. Aliniwekea karatasi kiganjani, akanikunja vidole juu yake kimoja kimoja, kama mtu anayempa mtoto nauli asije akaiangusha. Kisha akapanda. Begi lake likamfuata kwenye baiskeli ya pili.

Nilijua anakokwenda. Taksi za Gatumba mpakani na za Uvira, ng'ambo Kongo, zilikuwa zikipakia nyuma ya soko kuu, na hakuna taksi iliyoondoka kabla ya kujaa. Kwa mtu anayekimbia, si mbali. Nilikuwa na wakati wa kumkuta.

Lakini karatasi ilikuwa imeandikwa Kifaransa, na mimi Kifaransa sikijui kusoma. Nilichoweza kusoma mle ni majina mawili. La kwanza langu. La pili Khaled.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, nimpe kwa ufupi asibaki nyuma. Mimi ni Atumani, sonara, mzaliwa wa Ujiji. Kusoma nimesoma vipande: chuoni miaka miwili, shule ya serikali mpaka darasa la tatu, kisha barabara ikanichukua. Nimefua fedha Kalemie, Kampala, Bukoba na Voi, na kila mji niliuacha kwa sababu ya mwanamke niliyedhani ana mwingine. Wake zangu wa kwanza na wa pili nimekwisha kuwasimulia. Raihana ndiye wa tatu.

Nilimwoa Bujumbura mwaka 2001, vita vikiwa vilimani na sisi mjini tukivisikiliza. Alikuwa akiimba kwenye harusi za Buyenzi na Bwiza. Katikati ya ulimi wake kulikuwa na kipini cha chuma chenye vigololi viwili, kimoja juu, kimoja chini. Aliyempeleka kutobolewa ni Khaled, mume wake wa kwanza, walipokuwa vijana huko Kampala.

Kipini kile nilikichukia kuliko ninavyoweza kuandika. Kila alipoimba kiling'aa, na kila kilipong'aa watu walimsikia Raihana, mimi nikamwona Khaled.

"Kitoe," nilimwambia, si mara moja.

"Nikitoa, tundu linajifunga. Ulimi si sikio, muzee."

"Lijifunge."

"Na mi nitaimba namna gani? Ulimi umekizoea. Khaled mwenyewe mi sijui hata kama anaishi."

"Ulimi huo ni wa mke wangu."

"Ego, ndiyo. Lakini uko mu mdomo wangu."

Akacheka, nikarudi kwenye kazi yangu. Kurudi kwangu hakukuwa kusamehe.

Sasa Ijumaa moja ya mwezi wa tano, mwaka 2003, alirudi kutoka Ngagara akiongea kama ana kokwa mdomoni.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua. Mbele ya kile cha Khaled, upana wa kidole kuelekea nchani, kulikuwa na cha pili. Kirefu. Kigololi cha juu kilikuwa kinaelea hewani, ungeweza kupitisha punje ya mchele chini yake.

"Nani amekutoboa?"

"Bonfils."

"Bonfils gani?"

"Anfirmie, muuguzi wa Ngagara, Kwartie ya tano. Mi niliimba ku ndoa ya dada yake."

"Alikushika wapi?"

"Ulimi. Mutu akitoboa ulimi atashika wapi?"

"Kwa mkono?"

"Kwa koleo."

"Koleo langu lina kasoro gani?"

Alitaka kucheka, maumivu yakamkataza. Akashika shavu.

"Na kwa nini cha pili? Cha kwanza hakikutosha?"

"Ngoja kipone, nitakuambia."

Mtu mwingine angengoja. Mimi nilianza kuhesabu. Khaled ana kimoja, Bonfils ana kimoja, mume hana.

Siku tatu za mwanzo ulimi ulivimba mpaka meno yakauachia alama pembeni. Na hapa nikiri jambo la aibu: siku zile zilikuwa nzuri kwangu. Hakwenda kuimba. Hakuzungumza na mtu barazani. Nilimchemshia maji, nikatia chumvi, nikayapoza, akasukutua kila baada ya kula. Nilimtafutia barafu kwa mwenye friji, akainyonya vipande vipande. Uji nilimpa baridi, bila sukari nyingi, na pilipili niliiondoa nyumbani kabisa, hata mimi sikula. Nilimnunulia mswaki mpya laini. Alikuwa anakaa mkekani, ananitazama kwa macho tu, na mimi nafua bangili. Nilidhani nimepona wivu.

Siku ya nne asubuhi akavaa viatu.

"Naenda Ngagara. Bonfils aangalie."

"Aangalie nini?"

"Ulimi."

"Mimi nauangalia kila siku."

"We si anfirmie, muzee."

Alipokwenda kuoga nikafungua mkoba wake. Nikakuta karatasi ya daftari, mwandiko wa mwanamume, mistari saba au minane, Kifaransa chote. Damu ilinipanda. Raihana alisomeshwa na masista Bukavu. Kifaransa kwake ni maji. Nikaona kumbe wamepata lugha ya kupitia juu ya kichwa changu.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa Léonce, karani mstaafu wa serikali, mwenye taipu barazani. Watu wote wa avenyu yetu walimpelekea barua za mahakama na za watoto walioko Ulaya awasomee. Alikuwa mtu mwema, mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kusoma barua ya mtu bila kuongeza yake.

Akavaa miwani. Akakohoa.

"'Raihana mpenzi,'" akasoma. "'Tangu siku nilipouona ulimi wako, mi silali.'"

Nikashika meza. Taipu ikatikisika.

Léonce akacheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani. "Kaa, sha, rafiki yangu. Kaa, utakufa bure. Nimekutania. Hii ni maelezo ya kidonda."

"Soma kweli."

Akasoma kweli. Maji ya chumvi kila baada ya kula. Barafu. Hakuna pilipili, hakuna pombe, hakuna sigara. Kutochezea vigololi kwa vidole. Majimaji meupe yakitoka si usaha, asiogope. Kijiti ni kirefu kwa sababu ya uvimbe. Kisibadilishwe kabla ya wiki nne, na akibadilishe anfirmie mwenyewe.

"Na ya mwisho," akasema, akasita.

"Nini?"

"Hakuna kubusiana. Wiki sita."

"Hapo umeongeza."

"Mara hii apana. Angalia mwenyewe, namba sita si unaijua?"

Namba sita naijua. Ilikuwepo pale, imepigiwa mstari chini. Kijana wa Ngagara alikuwa ameniandikia marufuku ndani ya nyumba yangu, tena kwa lugha ambayo ilibidi nisomewe na jirani.

Nikarudisha karatasi mkobani, nikamwambia Raihana twende wote.

Bonfils alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, koti jeupe limefuliwa kwa buluu. Akitoka kazini alipokea watu kwenye baraza ya mama yake. Alimkalisha Raihana kwenye kigoda, uso kwenye jua, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. Mke wangu akatoa ulimi wote. Kijana akainama, akaugeuza kwa kijiko, akasema neno, Raihana akacheka mdomo wazi, kile kicheko kisicho na herufi. Kwangu hakuwahi kucheka hivyo siku zote za maji ya chumvi.

"Muzee Atumani, njo uone," Bonfils akaniita. "Kinapona vizuri sana."

"Naona unafurahi."

"Nafurahi, ego. Kazi yangu."

"Mbona umempigilia msumari?"

"Si musumari. Nyama ikivimba inataka nafasi. Ukiweka kifupi, ulimi unakimeza. Mi niliona mutu moja hivyo, tulimpasua."

"Na kitatoka lini?"

"Wiki ine. Mi ndiye nitakitoa."

Maneno hayo matatu ya mwisho nilirudi nayo Buyenzi. Nikala nayo, nikalala nayo. Asubuhi nikavua pete yangu ya fedha niliyojifulia Voi, nikaitia motoni.

Kipini kile ndicho kazi bora niliyopata kuifanya katika maisha yangu. Kijiti chembamba, hakina mkwaruzo. Vigololi vidogo kama dengu, kimoja kinakazwa kwa kuzungushwa mpaka huoni mahali vilipokutana. Unene wa ulimi niliupima kwa uzi, nikimwambia naangalia kama uvimbe umepungua. Nilikata kijiti sawasawa na uzi. Bonfils alikuwa amenieleza mbele ya uso wangu kwa nini chake ni kirefu. Nilisikia, nikaelewa, nikakata.

Jumamosi, siku ya nane, nikamwambia, "Nimepita Ngagara. Bonfils amesema uvimbe umekwisha, kibadilishwe leo."

"Alisema wiki ine."

"Amesema wewe unapona upesi kuliko watu."

"Ye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Amesema nikitoe mimi, kwa kuwa mimi pia nina koleo."

Raihana akanitazama kwa muda. Nilidhani amenishika. Kumbe uso ukamfunguka, akanigusa mkono.

"Basi mumepatana," akasema. "Alhamdulillahi. Mi nilikuwa na woga juu yenu."

Akaketi kwenye kigoda changu cha kazi, akafungua mdomo.

Nilinawa mpaka viwiko. Nilichemsha koleo na kipini. Nikatoa chuma cha Bonfils, nikapitisha fedha yangu, nikakaza. Kilikaa kama kimezaliwa hapo, hakuna nafasi hata ya unywele. Nikampa kioo. Akajitazama, macho yakamjaa machozi, nikamwambia pole kwa maumivu. Akatikisa kichwa, si maumivu. Sikumuuliza ni nini. Nilikuwa nakitazama kipini.

Jumapili mchana akasema ulimi unawaka. Jioni akaacha kula. Jumatatu alfajiri kigololi cha juu kilikuwa nusu ndani ya nyama, na kabla ya adhuhuri sikukiona tena. Ulimi ulikuwa umekifunika, umebaki mfuko mwekundu unaometa. Kile cha Khaled nacho kilikuwa kinazama. Hakuweza kumeza hata mate; alishika kikombe mbele ya kidevu. Kwa kidole akaniandikia hewani: B, ya Bonfils.

Risasi zilikuwa zinasikika upande wa Kamenge tangu asubuhi. Wanajeshi walikuwa wamefunga daraja la Ntahangwa, na Ngagara iko ng'ambo ya mto. Nilikwenda hivyo hivyo.

"Rudi," askari akaniambia.

"Mke wangu mgonjwa. Namfuata anfirmie."

"Anaumwa nini?"

"Ulimi."

Wakatazamana, wakacheka wote watatu.

"Mwambie apumzike kusema," mmoja akasema. "Na we urudi."

Nikarudi. Na sasa nifike kwenye lile ambalo sijamwambia mtu. Upande wetu wa mto kulikuwa na zahanati mbili zilizofunguliwa siku ile. Nilipita mbele ya moja nikirudi. Sikuingia kuuliza, wala sikumpeleka Raihana. Wangemuuliza nani amekiweka, na angejibu, hata kwa kidole.

Usiku mzima alikaa ameegemea ukuta.

Jumanne daraja lilipofunguliwa, wa kwanza kugonga mlango alikuwa Bonfils, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Raihana alitakiwa kwenda kwake Jumatatu; kijana alipomkosa, akaja mwenyewe.

Alimsogeza dirishani, akamfungua mdomo, akafungua vitu vyake. Alikuwa na sindano moja tu ya ganzi, nayo haikutosha. Mimi nilishika kichwa. Nilishika kwa nguvu zote nilizonazo na bado nilihisi kila alipokata. Alitoa cha fedha. Cha Khaled nacho akakitoa, nyama ya pale ilikuwa imeoza pembeni. Akaviweka vyote viwili juu ya fuawe yangu.

Akakigeuza kile cha fedha kwenye mwanga.

"Kazi nzuri," akasema polepole. Kisha akamgeukia Raihana. "Nani alikuambia ubadilishe?"

Raihana akanyoosha kidole, akamwonyesha yeye.

"Mi?"

Akatikisa kichwa kukubali, damu inamtiririka kidevuni. Wewe.

Bonfils akanitazama. "Muzee, mi sijakuona tangu siku ile ya baraza."

Kidole cha Raihana kilibaki hewani kimemwelekea kijana. Kisha kikaanza kuhama, taratibu, mpaka kikafika kwangu. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma bei.

"Wiki mbili asiseme neno," Bonfils akasema, akifunga vitu vyake. "Maji ya chumvi anajua. Na asifanyiwe na mutu mwingine."

Alhamisi ndipo akafunga begi. Nilisema mengi asubuhi ile. Maneno yote yalikuwa yangu. Nilipomaliza, alichana karatasi kwenye daftari lake la nyimbo, akaandika juu ya goti. Kiswahili anakiandika vizuri kuliko mimi. Aliandika Kifaransa.

Basi nimesimama mlangoni. Baiskeli imekata kona. Sokoni ni kulia, kwa Léonce ni kushoto. Kama lile jina la pili lisingekuwa Khaled, ningekwenda kulia, nataka niamini hivyo. Nilikwenda kushoto.

"Soma," nikamwambia Léonce. "Na usiongeze."

Akasoma kimya kwanza. Hakucheka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaa, Atumani."

"Soma nimesimama."

"'Atumani,'" akasoma. "'Tundu la kwanza lilikuwa la Khaled, na sikuweza kuliacha kwa sababu ulimi umelizoea. Nikataka moja liwe lako. Nilikuwa nangoja lipone, ndipo nikuombe unifulie kipini cha fedha kwa mkono wako. Zilibaki wiki tatu tu.'"

"Basi?"

"Basi. Chini kuna jina lake."

Nilisikia taipu ya mtu mwingine mbali huko, au ni moyo.

"Umeongeza?"

"Kimbia, sha. Taksi bado."

"Nijibu kwanza. Ndivyo alivyoandika, au umenionea huruma?"

"Nimekuambia kimbia."

"Mara ile ulisema 'mpenzi' na haikuwepo. Nionyeshe neno la fedha liko wapi hapa."

"Atumani, mwanamke anaondoka na we unaniuliza maneno?"

Nilimuuliza mara ya tatu. Alinirudishia karatasi na kunigeuzia mgongo.

Nikakimbia. Nyuma ya soko nilimkuta mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Mwanamke mwenye kitenge mdomoni? Wametoka sasa hivi, baba. Taksi ya buluu. Walimngoja dereva kidogo, alikuwa anatafuta chenji."

Nilipanda gari lililofuata. Nilifika Gatumba mpaka ukiwa umefungwa kwa siku ile, nikalala kwenye baraza ya duka, na kulipokucha nikarudi Bujumbura badala ya kuvuka, kwa sababu ilinijia kwamba Bonfils huenda amevuka naye. Nilikwenda Ngagara kuhakikisha. Nilimkuta anamfunga mtoto bendeji.

Raihana alifika Uvira kwa dada yake, Sikuzani. Ulimi ulipona, una kovu refu. Hakuimba tena harusini. Alifungua meza ya vitenge. Mwaka uliofuata aliomba talaka kwa sheikh wa kule, nikaipeleka. Mwaka 2006 aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi.

Bonfils alihamia Kigali, akaoa huko, ana watoto watatu. Nimeuliza watu wanne kama aliwahi kupita Uvira. Wote wamesema hapana.

Léonce alifariki mwaka 2005 kwa presha. Sikumwendea tena kumuuliza, na yeye hakunisemesha. Karatasi ninayo, na hapa ninapoishi wapo watu wanaosoma Kifaransa. Sijawapa.

Kipini cha fedha nilikiuza Kigoma kwa mwanamke aliyetaka cha ulimi, akasema ni kifupi, nikamwongezea.

Karakana ya Buyenzi sasa wanauza simu.

Mimi niliondoka Bujumbura Januari 2004, nikaenda Kasulu, na huko nikaoa mara ya nne. Huyo hakuwa na kipini popote. Alikuwa na kaka aliyekuja kumtembelea kila Jumapili, mrefu, mweupe, na mimi sikuona wanafanana wapi.